Namba 13 na Nusu Inchi

Spana namba 13 na spana ya nusu inchi zinatofautiana kwa milimita 0.3 tu. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti hiyo huioni kwa macho, na mkono usiozoea hauihisi. Ukiweka spana namba 13 kwenye kichwa cha bolti ya nusu inchi, inakaa, inashika, na kama bolti haijakazwa sana inafungua kabisa. Lakini ukikutana na bolti iliyoliwa na chumvi wanayomwaga kwenye barabara za Iowa wakati wa theluji, spana ile ile inaruka, pembe sita za kichwa zinalika, na kichwa kinabaki duara kama kifungo cha shati. Kazi ya dakika tano inageuka kuwa kazi ya Jumamosi nzima.

Fundi anayejua magari ya zamani ya Marekani haogopi spana iliyo mbali na kipimo. Namba 17 haiwezi kumdanganya mtu kwenye bolti ya nusu inchi. Inazunguka bure, unaicheka, unairudisha sandukuni. Inayoharibu ni ile iliyokaribia.

Nimeombwa niandike juu ya imani, na wenzangu katika kitabu hiki bila shaka wataandika juu ya maombi na uponyaji, mambo ambayo nami nayaamini. Mimi ni fundi, kwa hiyo, wapendwa, mtanivumilia niandike juu ya bolti. Kuna jambo kuhusu kanisa ambalo nilikuwa nimelisikia likihubiriwa miaka mingi, na nililielewa nikiwa nimelala chali chini ya pikapu, oili ikinidondokea kwenye kola.

Ufundi nilijifunzia Makambako, kwenye njia panda ya malori yaendayo Mbeya na Songea. Magari yetu yalikuwa Isuzu, Fuso na Toyota, na spana zetu zilikuwa 10, 12, 14, 17 na 19. Ukiwa na hizo tano na nyundo, unaweza kula. Mjapani hutengeneza bolti yenye unene wa milimita 8 akaipa kichwa cha namba 12. Ya milimita 10 huipa namba 14. Ya milimita 12 huipa namba 17. Kwenye Chevrolet, hata pale wanapotumia milimita, vichwa vya bolti hizo ni 13, 15 na 18. Na hapo bado hujafika upande wa inchi. Wazee wetu waliokuwa wakitengeneza Land Rover za misheni walikuwa na spana za inchi, nami nilizikuta kwenye sanduku la bwana fundi wangu, zimefungwa kwenye gunia, hakuna aliyezigusa. Alikuwa akisema hizo ni za magari yaliyokwisha kufa.

Hayakufa. Pikapu ya usharika wetu ni Chevrolet ya mwaka 1985, tuliyoachiwa na mzee mmoja mkulima, Mmarekani, alipohamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ndiyo inayobeba magodoro, meza na masofa kila familia mpya inapofika kutoka kambini na kupewa nyumba tupu yenye funguo mbili na jokofu. Bila hiyo pikapu, watoto wangelala kwenye zulia. Ninalieleza hili ili msidhani ninaandika juu ya mchezo wa mtu anayependa magari ya kale.

Sasa, kwa nini gari moja liwe na vipimo viwili? Si uzembe. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuihamishia Marekani kwenye mita na kilo, lakini sheria hiyo haikumlazimisha mtu. Ilikuwa hiari, na bodi iliyoundwa kuisimamia ilivunjwa mwaka 1982. General Motors walikuwa wameshaanza kuhama wenyewe katika miaka ile ya 1970. Walihamaje? Kidogo kidogo, kama familia inayohama kwa miguu. Kitu kipya kilichorwa kwa milimita. Kitu cha zamani kilichokuwa bado kinafanya kazi kiliachwa kwenye inchi, kwa sababu kubadili mashine za kiwanda kizima ni gharama kubwa. Injini ya V8 ya pikapu yetu ni ya ukoo ulioanza mwaka 1955, basi bolti zake ni za inchi. Giaboksi yake ni ya aina iliyoanza kutoka mwaka 1982, basi imezaliwa kwenye milimita. Na giaboksi hiyo hiyo, pale inapoungana na injini, inashikwa na bolti za inchi, kwa kuwa matundu yako kwenye injini, na injini haikubadilika kwa ajili ya mgeni. Ila bolti zinazoshika sahani ya oili chini yake ni za milimita 8. Kutoka bolti moja hadi nyingine ni chini ya urefu wa mkono wako.

Bolti yenyewe hukuambia ni nani, ukikubali kuifuta uchafu. Ya inchi ina mistari kichwani: mitatu kwa bolti ngumu ya kawaida, sita kwa ngumu zaidi. Ya milimita ina namba: 8.8, au 10.9. Watu wengi hawafuti.

Kabla pikapu haijafika kwetu, ilipita kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Kuna mtu huko alifungua ile sahani ya giaboksi, akapoteza bolti kadhaa, akachukua zilizokuwa karibu na mkono wake, za inchi, zile tunazoziita tano kwa kumi na sita. Unene wake ni milimita 7.94. Tundu ni la milimita 8. Nani angekataa? Lakini bolti si unene tu, ni nyuzi. Kwenye bolti ile ya milimita 8, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25. Kwenye ile ya inchi, ambayo ina meno 18 kwa kila inchi, ni milimita 1.41. Mzunguko wa kwanza inaingia vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu inaanza kuwa nzito, na mtu mwenye haraka husema ni kutu, hushika spana ndefu, hukaza. Bolti ni chuma na nyumba ya giaboksi ni aluminiamu. Kinachokatika si bolti. Bolti inatoka nzima, inang'aa, na kwenye mkunjo wa nyuzi zake imebeba vipande vya aluminiamu kama nyama kwenye meno. Aliyeumia ni tundu.

Kuna na nyingine ambayo haikazi, inalegea. Ya tatu kwa nane, ya inchi, ina milimita 9.5, na katika tundu la milimita 10 inaingia inacheza. Inaonekana imeshika. Imeshika ncha za meno tu. Siku ya mzigo ndiyo utakayojua.

Kazi ya kurekebisha matundu yale niliifanya na kijana mmoja wa usharika, mzaliwa wa Kivu, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma akitengeneza baiskeli. Ana vidole vya fundi. Huniita papa, kama Wakongo wanavyomwita mtu mzima kwa heshima, na kwa Mtanzania aliyezoea kwamba papa ni samaki mkali wa baharini, ilinichukua muda kuitikia bila kucheka. Nilimwambia sheria niliyofundishwa Makambako: bolti huanza kwa vidole, kamwe si kwa spana. Ikikataa kwenye vidole, toa, uitazame. Alianza, akafika mzunguko wa tatu, akasema, "Papa, inakatala." Kwetu tungesema inakataa. Nilimwelewa, kwa sababu mkono wake ulikuwa unanionyesha.

Hapo ndipo, tukiwa tumelala chini ya gari, aliponieleza kwa nini familia ya shangazi yake haionekani tena kanisani.

Usharika wetu ni wa Kiswahili. Tunakodi saa za mchana katika kanisa la Wamarekani, baada ya ibada yao. Sisi ni Watanzania, Wakenya wachache, na wengi ni Wakongo waliopitia kambini. Na Wamarekani tunaishi vizuri kuliko mtu angetegemea. Kila jambo linaandikwa, linatafsiriwa, linarudiwa: funguo zinakaa wapi, nani anazima taa, watoto wakae chumba gani. Tunajua hatufanani, kwa hiyo tunapima kabla ya kukaza. Lakini sisi kwa sisi, ah, sisi ni Waswahili! Lugha moja, Biblia moja, ugali mmoja. Nani atapoteza muda kupima?

Shangazi wa yule kijana alifiwa na mama yake mzazi. Usharika ulichanga mara ya kwanza, pesa ikapelekwa, na familia ilikuwa bado inadaiwa kwenye gharama za mazishi. Kikao kikaitwa. Mimi sikuwepo, nilikuwa zamu ya usiku kiwandani. Shangazi akasimama mwenyewe, mfiwa, akiomba msaada utolewe kwenye akiba ya kanisa. Akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Ile pesa ya kilio, tutoshe." Kwa Kiswahili cha Kivu, kutosha ni kutoa. Mtoto anaambiwa atoshe viatu mlangoni, maana yake avivue. Mhazini wetu, Mtanzania, mtu mwaminifu ambaye sijawahi kuona senti ikipotea mkononi mwake, alisikia kwamba pesa iliyokwisha kuchangwa imewatosha. Akashukuru, akaandika kwenye daftari kwamba familia imesema inatosha, akafunga kwa sala.

Fikirini, wapendwa. Mama amesimama mbele ya watu, kilio hakijakauka usoni, ameomba, na kanisa limemjibu "Amina, Bwana asifiwe" na kwenda nyumbani.

Walikaa kimya, wakangoja wiki tatu. Halafu benchi zima likawa tupu, watu kumi na mmoja. Watanzania wakasema Wakongo wana hasira za karibu. Wakongo wakasema Watanzania wanalala juu ya pesa za kanisa. Maneno yote mawili niliyasikia kwenye maegesho ya magari, na kila upande ulikuwa umekwisha kutafuta maelezo ya tabia ya mwenzake. Hakuna aliyefikiria kitenzi kimoja. Kama shangazi angesema kwa Kifaransa, mtu angeomba mkalimani na msiba ule ungekwisha salama. Neno lilikuwa la kwetu, likaingia vizuri mizunguko miwili.

Jambo hili lilipofika kwa wazee wa kanisa, kaka mmoja alisimama na Kumbukumbu la Torati sura ya 25, pale ambapo Bwana anawakataza watu wake kubeba mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Akasema tiba ni kipimo kimoja: Kiswahili sanifu kwenye vikao, kitabu kimoja cha nyimbo, utaratibu mmoja wa ibada, na atakayeshindwa ajifunze. Alisema kwa upendo, nami namheshimu. Lakini nadhani aliisoma kama mtu asiyewahi kwenda sokoni. Mwenye mawe mawili hakukosa kwa kuwa na vipimo viwili. Alikosa kwa sababu alinunua kwa jiwe kubwa na kuuza kwa jiwe dogo, na yote mawili aliyaita kilo. Sanduku langu lina trei mbili, ya juu milimita, ya chini inchi, na kila spana imeandikwa jina lake. Hakuna anayeibiwa hapo. Siku nitakapozimwaga zote kwenye ndoo moja na kusema spana ni spana, hiyo ndiyo siku nitakayoanza kuharibu mali za watu.

Mimi niliwakumbusha Matendo ya Mitume sura ya 15. Kanisa la kwanza lilikuwa na shida kama yetu, nayo ilikuwa kubwa zaidi: je, watu wa mataifa watahiriwe kwanza, wawe kama Wayahudi, ndipo wahesabiwe? Mitume na wazee walibishana sana, Luka hafichi. Mwisho walituma barua yenye masharti manne tu. Hawakuitengeneza injini upya ili ifanane na giaboksi. Walitazama ni wapi viungo viwili vinakutana, wakaweka bolti zinazofaa hapo, na mengine wakayaacha yalivyo.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo nililisoma baadaye na ambalo bado nalitafakari nikiendesha gari usiku. Inchi ya Wamarekani, wanayoishika kwa kiburi, haisimami yenyewe. Tangu mwaka 1893 serikali yao iliamua kwamba yadi itapimwa kutokana na mita. Na tangu tarehe 1 Julai 1959, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazotumia inchi, inchi moja ni milimita 25.4 kamili, si zaidi wala pungufu. Kwa hiyo kila bolti ya inchi kwenye pikapu ile ya mwaka 1985 ilikuwa tayari inajibu kwa mita, ingawa haikujua na fundi wake hakujua. Sitaki kulivuta jambo hili kupita linakofika. Mtu si bolti, na Mungu si mita. Lakini nilipolisoma niliacha kuogopa kwamba kuwa na nyimbo zao na nyimbo zetu ni kuwa na makanisa mawili.

Mhazini nilimweleza siku ile ile, mikono yangu ikiwa bado na oili. Alikaa chini. Hakujitetea. Jioni alikwenda kwa shangazi na daftari lake na cheki, akaomba radhi mbele ya watoto, mtu wa miaka sitini na tano. Shangazi alipokea, akamkaribisha chai. Kila mmoja wetu alidhani Jumapili benchi litajaa. Halikujaa.

Mnajua jinsi tundu lililokatika nyuzi linavyotengenezwa? Huwezi kurudisha aluminiamu iliyong'oka. Unachukua drili, unalipanua tundu zaidi, yaani kwanza unaliharibu zaidi, na mwenye gari akiwa amesimama pale hufumba macho. Unakata nyuzi mpya, pana, kwa tepu maalumu. Halafu unazungusha ndani koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, na ndani ya koili hiyo bolti ya kwanza, ile halali ya milimita 8, inaingia tena. Mafundi hupenda kusema tundu la namna hiyo lina nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani, na ni kweli, kwa kuwa chuma ni kigumu kuliko aluminiamu. Lakini si lile la kwanza, na ukimulika tochi unaiona koili. Tulitengeneza sita, mimi na kijana, Jumamosi mbili. Moja lilikuwa limepasuka ukingoni, nalo linavuja tone moja kwa usiku hadi leo. Tumeweka kopo.

Kati ya wale kumi na mmoja, watano wamerudi. Shangazi ni mmoja wao. Anakaa benchi la nyuma, si lile lake, na akiombwa kuongoza maombi hutikisa kichwa. Wengine wanaabudu mahali pengine mjini, kwa Kifaransa na Kiswahili, nami nawaombea heri bila kinyongo. Simwombi Mungu awarudishe kwa nguvu. Namwomba tuwe tumefuta uchafu siku wakija kutusalimu.

Vikao vyetu vimebadilika kidogo. Kabla ya daftari kufungwa, mhazini husoma uamuzi, kisha humwomba Mkongo mmoja na Mkenya mmoja waseme kwa maneno yao wenyewe kilichoamuliwa. Mwezi uliopita, kwenye suala la mafuta ya pikapu, ilionekana watu watatu walikuwa wameondoka na maamuzi matatu. Vikao sasa vinachukua nusu saa zaidi, na wapo wanaolalamika kwamba chakula kinapoa.